Nabalayo na Msukuma Chapati Wake

Nikimtaja Nabalayo lazima nidanganye kidogo mwanzoni, maana ukweli wa mwishoni ni mchungu. Basi mjue kwamba chapati za kibanda chake hapa Shauri Moyo zilikuwa nyembamba hivi kwamba ukiinua moja juani unaona mtaa wa Majengo upande wa pili. Siku moja ndege ilishuka chini ya paa la kanisa ili rubani anuse. Anayebisha akamuulize rubani.

Haikuwa kazi ya mkono mmoja. Nabalayo, wa Bungoma, alikaanga. Wacera, wa Murang'a, alikanda na kusukuma. Miaka kumi na minane walisimama bega kwa bega, wakichokozana tangu alfajiri.

"Naba, hiyo umeiunguza kama ugali wa kapera."

"Sukuma, mama. Mdomo hausukumi chapati."

Mtoto wa mmoja akiugua, mwingine alifungua kibanda peke yake.

Kisha mwaka jana Nabalayo akaalikwa semina ya wafanyabiashara huko Umoja. Mwalimu alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka, hajawahi kuuza hata karanga, lakini alikuwa na picha za kuonyesha ukutani. Aliwaambia: ajiri polepole, fukuza haraka. Biashara haina rafiki. Anayekuvuta nyuma mwondoe kabla hujazoea hasara. Nabalayo akayaandika yote daftarini.

Na kweli, miezi hiyo Wacera alikuwa amelegea. Alichelewa. Alisahau chumvi. Chapati zake zilitoka na pembe. Mara mbili alisinzia wima, kifimbo cha kusukumia mkononi. Jumatatu moja, hata chai haijachemka, Nabalayo akamwambia, "Wacera, kesho usikuje. Nimepata msichana."

Wacera alifuta unga mikononi, kidole kimoja kimoja. "Sawa, Mama Kweyu."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina la mtoto wake.

Mngependa niwaambie kibanda kilianguka. Hata mimi ningependa. Ningewapa kisa cha kikaango kilichomeza unga wote na kupiga mbweu. Lakini Triza, yule msichana mpya, alisukuma kama mashine. Wateja waliongezeka, Nabalayo akafungua kibanda cha pili. Yule mwalimu angekuja, angempiga picha.

Kumbe Muturi, mume wa Wacera, alikuwa na saratani ya koo. Wacera alikuwa akikesha naye, akimlisha uji kwa kijiko, asubuhi anakuja kukanda. Hakusema, kwa sababu Muturi hakutaka mtaa umhurumie. Swali moja tu, "Una nini, mama?", lingeyatoa yote. Lakini ukifukuza haraka, utauliza saa ngapi? Mimi sikuingia darasani, ila najua unga ukishakandwa hufunikwa upumzike. Ukiusukuma papo hapo unajikunja tu. Kijana wa viatu hakuwa na picha ya hilo.

Muturi alifariki mwezi wa Agosti. Siku ya matanga sisi wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba na masufuria, kama tunavyofanya siku zote: watu wa karibu wanapika, wageni wanakaa hemani na kuletewa. Nabalayo alikuja amefunga leso kiunoni, kifimbo chake kwapani. Hakusalimia mtu. Akapiga magoti kwenye beseni la unga, akaanza kukata matonge.

Wacera, ambaye alipaswa kukaa ndani na wafiwa wenzake, akatoka.

"Mama Kweyu, inuka."

"Wacera, wacha nikusukumie tu. Sikujua."

"Hukuuliza." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Akamshika mkono, akamwinua vizuri kabisa. "Wewe ni mgeni wetu. Twende ukae."

Akampeleka hemani, akamketisha safu ya mbele karibu na mchungaji. Mwenyewe akamletea maji, akammiminia mpaka unga wote ukatoka vidoleni. Kisha akamletea sahani: wali, nyama, chapati mbili zilizokunjwa.

Waliokuwa hemani walisema Mama Kweyu ameheshimiwa sana. Sisi wa masufuria tukamalizia matonge aliyoyaacha.

Nilimtazama kutoka pembeni ya nyumba. Machozi yalikuwa yakimwagika, lakini chapati alizila zote mbili, kwa sababu mgeni akiletewa hula.