Manyoya ya Bawa Moja

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nusura niharibu ndoa ya shangazi yangu kwa unyoya mmoja wa kanga.

Tulikaa mjini, mtaa wa Ruashi, katika nyumba ambayo baba alikuwa bado anaijenga chumba kimoja kimoja. Nkambo, mama yake baba, alikaa nasi. Alizaliwa upande wa Sakania, binti wa mwindaji asiyekuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo ufundi wa kutengeneza mishale aliurithi yeye. Wakati wangu hakuna mtu Ruashi aliyehitaji mshale, isipokuwa kwenye harusi za ukoo wetu. Kwa desturi yetu, kabla ya kukabidhiwa mkewe, bwana harusi hupiga mshale mmoja kwenye kigogo cha mgomba kilichosimamishwa uani. Mshale ukichoma, vigelegele. Ukienda kando, wazee wanaangalia chini, maana wanaamini miguu ya mke itafuata njia ya mshale ule, naye hatatulia kwa mumewe.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya shangazi yangu, Tantine Anyesi, binti wa mwisho wa Nkambo. Mchumba wake, Fidel, alikuwa muuza mabati kutoka familia ya Kasai, mtu mwenye kicheko kikubwa, ambaye maishani mwake alikuwa hajawahi kushika upinde. Kila jioni akishafunga duka alikuja kwetu kujifunza kwa kutumia vijiti vya matete, na kila jioni sisi watoto tulijificha nyuma ya tanki la maji kwa usalama wetu.

Mshale wa harusi wenyewe ulikuwa kazi ya Nkambo. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akaniita mimi.

"Weye uko na vidole vidogo," aliniambia. "Utakuwa mikono yangu."

Kwa juma zima nilikaa naye kwenye mkeka nikijifunza kuchagua manyoya. Ya kifuani aliyakataa, ni laini mno, yanalegea hewani. Ya kunguru aliyakataa kwa sababu kunguru ni mgomvi. Bundi hakutaka hata nimtaje. Tulibaki na ya bawa la kanga, magumu, yenye madoa meupe. Nilijifunza kupasua unyoya katikati ya uti wake kwa wembe, kuupunguza, na kuufunga kwa uzi mwembamba karibu na mkato wa nyuma unaoshika kamba ya upinde. Matatu, kwa nafasi sawa. Lakini somo alilolirudia mpaka nikachoka lilikuwa jingine.

"Weka unyoya mu mukono. Unasikia inapinda? Ya bawa ya kuume inapinda huku, ya kushoto inapinda kule. Hapana kuchanganya. Mushale ya mabawa mbili inarudiaka kwa mwenye kuitengeneza, inamuvunjia kintu."

Niliitikia ndiyo, ndiyo, kama watoto wote.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilikuwa nafunga manyoya ya kushoto. Mawili yalikaa vizuri. Kwenye wa tatu wembe uliteleza, nikaukata vibaya. Nilipekua mfuko: ulibaki mmoja tu, wa bawa la kuume. Kanga wenyewe walikuwa wa jirani aliyekwisha kuwauza wote. Nikamtazama Nkambo, amekaa hatua mbili kutoka kwangu, uso ameuelekeza kwenye jua. Nikajiambia: haoni. Nikaufunga ule wa kuume.

"Imeisha?" aliuliza.

"Imeisha, Nkambo. Nikuonyeshe?"

"Ya nini? Minakuamini."

Neno lile lilinichoma.

Fidel alipokuja mchana, baba alitaka ajaribu mshale wenyewe mara moja. Tantine Anyesi alisimama mlangoni, nywele nusu zimesukwa. Fidel akavuta, akaachia. Mshale ulitoka ukitikisa mkia kama samaki, ukapinda, ukalipita kigogo kwa mbali na kupiga chungu cha Nkambo kilichojaa munkoyo, kinywaji cha mahindi cha kuwakaribisha wageni. Chungu kikapasuka. Kazi ya siku tatu ikatiririka uani, na kuku wakaja mbio kunywa.

Watu walicheka. Kisha wakamwona Tantine amejifunika uso kwa kitenge, analia, wakaacha.

"Ni mukono yangu, mama," Fidel alimwambia Nkambo, kofia mkononi. "Mushale iko muzuri. Miye njo mubaya."

Kumwona mtu mzima akibeba kosa langu kulinishinda. Nikasema yote, pamoja na kwamba nilitegemea macho ya Nkambo hayaoni, maana bila hilo nisingekuwa nimesema kitu.

Nkambo aligeuza uso kunielekea.

"Imevunja chungu ya nani?"

"Yako, Nkambo."

"Basi ilikosea muntu. Ilipashwa kuvunja sahani yako."

Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, na Fidel akacheka kwa sauti kuliko wote, hata Tantine akafunua uso. Kisha Nkambo akaamuru aletwe jogoo mweupe ambaye familia ya Fidel ilileta kama zawadi.

"Mama, ile ni ya kupika kesho," mama yangu alisema.

"Njo muzuri. Haitaruka tena."

Tulitoa manyoya matatu kwenye bawa la kushoto. Safari hii nilimwekea kila unyoya kiganjani kabla ya kuufunga, bila kuombwa.

Jumamosi ua ulijaa. Fidel alitupa tai yake begani, akavuta pumzi, akavuta kamba. Mshale mweupe ulikwenda ukizunguka taratibu, umenyooka, ukachoma kigogo chini kabisa, karibu na ardhi, lakini ndani. Mama yake Fidel, aliyekuwa ameshinda asubuhi akinong'ona kwamba haya ni mambo ya pori, alipiga kigelegele cha kwanza.

Miaka mingi baadaye, nikisomea uhandisi, nilielewa kwamba manyoya ya bawa moja huuzungusha mshale upande mmoja na kuutuliza; ukiyachanganya, yanapingana. Nilirudi nyumbani kwa fahari nikamweleza Nkambo, na michoro nikamchorea kiganjani kwa kidole. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Njo vile nilikuambia," akasema.

Tantine na Fidel wanakaa Kambove sasa, na watoto wanne. Wanagombana. Kuna mara moja Tantine alikuja kulala kwetu juma zima akiapa harudi, kisha akarudi. Sijui mshale wa kanga ungewapa maisha gani tofauti, na siku hizi sijiulizi sana.

Ninachokirudia ni Ijumaa ile baada ya kukiri. Baba alikuwepo, macho mazima, mikono ya fundi. Angeweza kupewa kazi. Nkambo aliamini kwa moyo wote kwamba ndoa ya binti yake wa mwisho inashikiliwa na manyoya yale. Alijua nimemdanganya saa chache zilizopita. Akapapasa mkeka, akaupata wembe, na akaurudisha mkononi mwangu.