Rubani Aliyepelekwa Kutibiwa Mbali

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kusema uongo, na nilianza nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mshahara wake ulikuwa stuli ya miguu mitatu karibu na goti la kaku, yaani nyanya yangu mzaa baba, mbele kabisa ya televisheni, pamoja na mikate ya kukaanga iliyobaki kwenye sahani yake. Nimefanya kazi nyingine tangu hapo. Sijapata iliyolipa vizuri hivyo.

Tulikaa Dilala, mtaa mmoja wa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ya migodi, na televisheni yetu ilikuwa ya kwanza katika mstari wetu. Jumapili alasiri mama za jirani walikuja kila mmoja na kiti chake kichwani. Kaku alikuwa amefika Kolwezi zamani kwa treni kutoka Kasai, akimfuata babu aliyeletwa kuchimba shaba. Alijua Kiluba na Kiswahili chetu. Kifaransa alijua neno moja tu, merci, yaani asante, nalo alilitumia kumfukuza mtu.

Sasa ile filamu ya katuni ilisema Kifaransa. Ilichorwa Japani, ikapita Ulaya ikatiwa sauti za Wafaransa, ndipo ikatufikia sisi. Jitu la chuma lilitoka chini ya ziwa likapigana na watu wenye pembe kutoka nyota ya mbali, na ndani ya kichwa cha jitu alikaa rubani, kijana mwenye kitambaa chekundu shingoni. Kaku hakushangaa hata kidogo. Kila jioni kabla ya habari aliona kichwa cha mkuu wa nchi kikishuka toka mawinguni, basi jitu la kuruka lilikuwa na ajabu gani?

Alichotaka ni mtu wa kumwambia wanasema nini. Kifaransa changu kilikuwa cha darasa la tano. Nilielewa nusu, na ile nusu nyingine nilijaza mwenyewe. Katika filamu yangu, mkubwa wa wale wenye pembe alikuwa mjomba wa rubani, aliyemnyang'anya kiti cha ufalme. Binti wa kubonyeza vitufe kule mnarani alikuwa mchumba ambaye mama mkwe hamtaki. Profesa mwenye ndevu nilimfanya shemasi, kwa kuwa kaku alipenda uso wake. Nilipoishiwa, nilisema, "Sasa beko banaomba," nao wote waliinamisha vichwa huku makombora yakilia.

Aliyejua Kifaransa nyumbani ni baba, fundi mkuu wa karakana, mtu wa kupima kila kitu mara mbili. Jumapili moja alisimama mlangoni bila mimi kumwona, akasikia habari za shemasi. Alinisubiri jikoni.

"Nikikushika tena unadanganya mama yangu, unapanda treni ya Lubudi."

Haikuwa maneno matupu. Shangazi yangu wa Lubudi, mwenye biashara ndogo karibu na stesheni, alikuwa amejifungua mapacha, na aliandika barua baada ya barua akiomba apelekewe msichana wa kuwabeba. Msichana mwenyewe alikuwa mimi. Niliwapenda mapacha wale kwa umbali. Nilijua kwamba anayekwenda Lubudi kubeba watoto hamalizi darasa la sita. Kilichonizuia hapa mjini ni kaku peke yake. Kila barua ilipofika alimwuliza baba, "Na televizyo? Nani ataniambia?"

Basi nikaapa nitasema ukweli. Niliapa kweli, na Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho ya mfululizo ule wa kwanza.

Baba alikuwa zamu. Jitu la chuma lilimkumbatia adui na kuanguka naye katika moto. Rubani akaonekana amelala chini, wenzake wamemzunguka, binti wa vitufe analia. Halafu picha ikaruka ghafla, kana kwamba mtu amekata kipande kwa mkasi, tukaona anga tupu yenye nyota. Sauti ya Mfaransa ikasema polepole, kwa bahati yangu nikaelewa yote. Nikatafsiri neno kwa neno, sikutia hata punje ya chumvi.

"Kaku, anasema kijana eko malade sana. Banamupeleka mbali, ku nyota ingine, bamutibie. Siku moja atarudia."

Kaku aliweka kikombe chini. "Rudia."

Nikarudia vilevile.

Akafungua kilemba chake, akakitupa sakafuni, akaweka mikono kichwani na kuanza kulia kilio cha msiba. Mama wote wakafuata. Mmoja alitoka nje mpaka barabarani akijipiga mapaja.

Ni lazima nieleze hapa, ingawa kwetu hata mtoto anajua. Kwetu mtu haambiwi njiani wala kwa karatasi kwamba ndugu yake amekufa. Anaambiwa ni mgonjwa, njoo. Babu alipofariki, wana wake waliokuwa mbali walipelekewa habari kwamba tata, yaani baba, anaumwa kidogo, nao walifika wamevaa nyeusi. "Kidogo" ni mbaya. "Sana" ni mbaya zaidi. Na ukisikia amepelekwa mbali kutibiwa, tafuta mkeka wa kukalia. Nilijua yote hayo, lakini nilikuwa nimeshughulika kusema ukweli, kazi ambayo sikuizoea, na sikusikia nilichokuwa nasema.

Wakati huo baba alikuwa anarudi kwa baiskeli. Alipopinda kona aliona wanawake mbele ya nyumba yake, mikono vichwani. Alijua mle ndani mna mtu mmoja tu wa umri wa kufa. Aliiacha baiskeli ikaenda yenyewe hadi kwenye ua wa jirani, akaingia akikimbia huku amefunga macho nusu, akamkuta mama yake amekaa kwenye mkeka, mzima, anapangusa pua.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Kijana wa kitambaa," wakamjibu kwa pamoja.

Hofu ilipomtoka baba, hasira ikakaa mahali pake. Alikwenda kwa jirani mwenye mtoto wa sekondari aliyetazama filamu hiyohiyo, akarudi na jibu: kwa Kifaransa walisema kijana ni mgonjwa tu. Kisha akafanya kesi. Nilisimama katikati ya sebule.

"Mi nilisema malade," nikalia. "Naapa, tata, nilisema malade."

Akawauliza mashahidi. Mama wanne, wawili kati yao wa kwaya, waliapa mbele ya Mungu kwamba mtoto aliwaambia kijana amekufa. Hawakusema uongo, maskini, ndivyo walivyosikia. Mwisho akamgeukia kaku, nami nikapumua nikijua nimeokoka.

"Aliniambia muzuri," kaku akasema. "Aliniambia na heshima, kama mutu mukubwa. Ni hivi banaambiakaka mutu lufu." Lufu kwetu ni kifo.

Sifa hizo zilinimaliza. Baba alisema, "Mama, bale ni bazungu. Muzungu akisema malade, ni malade tu." Kisha akaandika barua Lubudi: nitapanda treni shule ikifungwa.

Matanga yalikaa siku tatu. Watu walileta unga na kuni kwa mazoea. Katekista alifika na kitabu chake akauliza marehemu ni nani wa nani, akapewa chai, akanywa vikombe viwili kabla ya kuelezwa, na alipoelezwa akaomba cha tatu.

Wiki chache baadaye mfululizo wa pili ulianza. Jitu lilikuwa lilelile lakini limepakwa rangi mpya, na rubani sasa alikuwa msichana mwenye nywele fupi. Wafaransa walikuwa wamebadilisha majina ya watu wote, profesa mwenyewe akawa na jina jingine na ndevu zilezile. Mtoto wa sekondari alilalamika. Kaku alimwambia anyamaze, kwa maana sisi wenyewe tulikwisha kuamriwa na mkuu wa nchi kuacha majina yetu ya ubatizo na kuchukua mengine, na ndevu za wanaume hazikubadilika.

Mimi nilikuwa nimeachishwa kazi. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, na stuli yangu aliikalia baba. Nasema bila kuona haya kwamba nilifurahi kumsikia. Alitafsiri kama anasoma maelekezo ya mashine ya kuponda mawe. "Anasema adui anakuja. Anasema sawa. Anasema twende." Mama mmoja alibeba kiti chake akaenda zake Jumapili ya kwanza, wawili ya pili.

Rubani wa zamani hakuonekana. Msichana alipomwuliza profesa habari zake, baba aliidaka nafasi hiyo.

"Unasikia, mama? Kijana anatuma salamu kutoka kule ku nyota. Anaendelea muzuri."

"Salamu ilikuya na nani?" kaku akauliza.

"Namna gani, na nani?"

"Mutu mwenye aliileta. Alimuona na macho?"

Baba alitazama televisheni. Hapakuwa na mtu aliyeileta. Profesa alikuwa anaisema tu, ameangalia pembeni.

Zilikuwa zimebaki Jumapili mbili nipande treni. Nguo zangu mama yangu alikwisha kuzitia katika sanduku la mbao, na usiku nilikuwa nikilia chini ya shuka, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikuwa nimesema uongo mwaka mzima nikapewa mikate, nikasema ukweli siku moja nikapewa Lubudi.

Ndipo Mjapani akaja. Alikuwa fundi aliyeletwa karakana kufunga mashine mpya, mtu mfupi mpole aliyesema Kifaransa taratibu, na baba akamkaribisha bukari, ugali wetu, ya Jumapili. Mgeni alinawa, akamega, akachovya katika sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kaku akamkubali hapohapo. Tulipokuwa bado mezani, mtu akawasha televisheni. Jitu likatoka ziwani. Mjapani akafunika mdomo kwa mkono akacheka mpaka machozi. Alisema watoto wake nyumbani walikulia mbele ya lile jitu.

Kaku akaelewa bila kutafsiriwa. "Muulize kama ule kijana alikufa."

"Mama, mugeni anakula."

"Basi mutoto amuulize."

Baba akatazama sahani yake. Nikasimama. Nilimwuliza kwa Kifaransa changu cha darasa la tano, maneno manne. Mgeni akarudisha tonge kwenye sahani.

"Oui," akasema. "Mort."

Akaeleza, nami nikatafsiri, sentensi baada ya sentensi, sikuongeza kitu. Kule kwao sehemu ya mwisho ilikuwa mazishi matupu. Mvua inanyesha, kitambaa chekundu kinawekwa juu ya jiwe. Binti wa mgeni mwenyewe alikataa wali siku mbili. Walioinunua filamu kuipeleka nchi za nje ndio waliokata mazishi na kuweka nyota na salamu, kwa kuwa walidhani watoto wa mbali hawafai kuonyeshwa msiba.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mama mmoja wa kwaya aliisema methali hiyo kwa sauti, akimtazama baba.

Kaku hakumtazama baba. Alimwuliza mgeni, kupitia kwangu, "Na mama yake, balimuambia?"

Mjapani alitikisa kichwa. Akasema rubani hakuwa na mama katika hadithi, wala ndugu.

"Basi tulifanya muzuri," kaku akasema. "Tulimulilia." Akamsogezea mgeni sombe.

Baba hakuniomba radhi. Baba wa siku zile hawakuwa na zana hiyo katika sanduku lao. Lakini jioni ile alitoa nguo zangu sandukuni yeye mwenyewe, akazikunja vibaya sana juu ya kitanda changu, na Jumapili iliyofuata stuli ilikuwa tupu inaningoja. Nilitafsiri kwa unyofu mkubwa. Sehemu ilipokwisha, kaku akanipa sahani ya mikate.

"Ya Bafaransa minaisikia," akasema. "Sasa sema yako. Ule shemasi eko wapi?"

Nikamwambia. Mama wote walivuta viti mbele.

Miaka saba baadaye nilikuwa Lubumbashi, nasomea ualimu. Asubuhi moja niliitwa kwenye ofisi ya misheni, ambako palikuwa na foni, ile redio ya kuitana toka mji hadi mji. Karani kijana alikuwa ameandika ujumbe wa baba kwenye kipande cha karatasi. Aliona uso wangu akaharakisha kunituliza.

"Usiogope, citoyenne. Ni kaku yako. Anaumwa tu. Banamupeleka mbali kidogo, bamutibie. Na anakutumia salamu mingi."

"Salamu ilikuya na nani?" nikamwuliza.

Aliangalia karatasi. Akaigeuza upande wa pili, akatafuta, hakuona kitu. Nikafungua kilemba changu.