Marando Yangu na Neno Lala

Majira ya baridi ya kwanza baada ya kufiwa na mume wangu, nilimwomba Mola jambo moja: marando yasife. Yalikuwa ya viazi vitamu, kizazi cha yale niliyotoka nayo Morogoro nimeyafunga kwenye kanga mbichi, nilipomfuata mume wangu kwao Alexandra, kusini kabisa mwa Afrika. Alipokuwa mkimbizi kwetu alijifunza kula matembele, na hata katika ugonjwa wake wa mwisho hakutamani mboga nyingine.

Huku watu hula kiazi, majani wanatupa. Na Juni umande huganda ukaunguza kila kilicho kijani. Kwa hiyo niliyakata marando, nikayasimamisha kwenye kopo la maji dirishani, na kila jioni nikayafunika kwa koti la marehemu. Nikishaswali alfajiri nililifunua koti kwanza, ndipo niwashe jiko la mafuta ya taa, vidole vikiniuma kwa baridi. Yakatoa mizizi myeupe. Nikashukuru, nikaanza kuinua matuta nyuma ya nyumba, udongo mgumu kama tofali, ili baridi ikiisha nisichelewe.

Nyumba ni ya wifi yangu, dada wa marehemu. Aliniita makoti, yaani bi harusi, ingawa mvi zimenijaa kichwani. Kizulu changu kilikuwa kichekesho chake. Kutupa kwao ni lahla, neno linalotaka pumzi ipite ubavuni mwa ulimi. Mimi lilinitoka lala, na lala kwao ni kulala, kama kwetu.

"Njooni mwone," aliwaita majirani, "makoti anazilaza taka! Ziletee na blanketi, makoti, zisipate mafua!"

Nilicheka pamoja nao.

Agosti nilikwenda mtaa wa Joubert Park kumsaidia Mtanzania mwenzangu aliyejifungua. Nikiwa mlangoni nilimwonyesha wifi kopo la marando, mbegu zangu, nikamwambia kwa Kizulu, "Zilale." Yaani aziache zilale, asiziguse.

Niliporudi dirisha lilikuwa tupu, kioo kimefutwa kinang'aa. Koti limefuliwa, liko kambani, harufu ya mwenyewe imekwenda na sabuni.

"Sisi," nilimwita, yaani dada, "mbegu zangu ziko wapi?"

"Nimezitupa. Si ulisema zitupwe?"

"Nilisema zilale."

"Eish, makoti! Wewe na lala yako, nani ajue ni lini unataka kulala kweli?"

Akacheka. Nilikimbilia pipa, gari la taka lilikuwa limeshapita.

Miaka yote nilipokosea alinielewa. Siku niliyotamka sawasawa ndiyo hakunielewa. Sikumuuliza kwa nini. Niliogopa angenijibu.

Septemba aliniletea pakiti ya mbegu za spinachi. "Panda hii," alisema, "hii ndiyo mboga." Nikaipanda kwenye matuta ya marando, ikastawi, tukala, nikasema alhamdulillahi na nilimaanisha, kwa kuwa wapo waliolala njaa mtaa uleule.

Nilisomeshwa dini tangu utotoni, nami nikaja kuwasomesha watoto wa wenzangu, kwamba subira ni kutomlalamikia kiumbe. Sijamlalamikia. Kila swala namwombea wifi yangu maghufira. Lakini nikifika kwenye jina lake ulimi hunilemea, kuliko ulivyonilemea kwenye neno lolote la Kizulu.