Tundu la Bi Mwasiti

Jirani yangu hapa Ipagala anajenga banda la kuku, na juzi asubuhi vibarua wake walikuwa wakikanyaga udongo uliochanganywa na samadi. Mimi nilikuwa nafua. Harufu ile iliponifikia niliacha nguo kwenye beseni, nikabaki nimesimama mikono ikichuruzika povu. Wenzangu mliokulia kwenye nyumba za udongo mtanielewa.

Kwetu Chamwino, Mei ilipokaribia kuisha, Bibi alianza kugombana na kipupwe kabla hakijafika. Mablanketi yalianikwa mpaka yakanukia jua, kuni zikapangwa ndani, kisha tukakandika nyumba. Tulichukua udongo wa kichuguu, samadi na majivu kidogo, tukakanyaga hadi vidole vya miguu vikafa ganzi, halafu tukaziba kila ufa. Upepo wa Dodoma mnaujua, hausubiri kufunguliwa mlango.

Nilipofika miaka tisa, Bibi alinikabidhi ukuta wote wa nyuma, yeye akaenda kusaga mahindi. Jamani, nilivimba kichwa! Ukuta ule ulikuwa na tundu la kuingia ngumi ya mtoto, usawa wa kitanda tulicholala mimi naye. Kila kipupwe lilinigandisha masikio, na kila mwaka Bibi alipaka udongo kulizunguka, akaliacha wazi. Nikaamua kwamba ni usahaulifu wa kizee. Nililiziba, nikalisawazisha kwa kiganja mpaka likapotea kabisa.

Tulilala kwa raha isiyo na kifani. Hata Bibi, ambaye hakuwahi kukutwa na jua kitandani, siku hiyo alipitiwa.

Tuliamshwa na kilio mlangoni. Alikuwa Bi Mwasiti, mjane wa Kirangi aliyetoka Kondoa, ambaye nyumba yake na yetu zilipeana mgongo, katikati kichochoro cha kupita mbuzi tu. Alikuwa peku kwenye baridi ile, kanga moja, machozi yanamtiririka.

"Mama Yona kafa! Jamani, Mama Yona!"

Bibi akatokea nyuma yangu akipiga miayo. "Nani kafa, Mwasiti?"

Bi Mwasiti alimtazama juu hadi chini, kisha akaketi pale pale mavumbini, akaanza kumgombeza huku amemng'ang'ania miguu. "Nimekuita mara nne! Mara nne, kimya!"

Hapo ndipo nilipojua. Kila alfajiri, akishaswali, Bi Mwasiti aliingia kichochoroni, akamwamkia Bibi kwa Kigogo kupitia tundu lile, "Mbukwa, Mama Yona," na Bibi akamwitikia, "Mbukwa, Mwasiti." Basi, hawakuongeza neno. Miaka yote nilizisikia sauti hizo usingizini, nikadhani zinakuja na majogoo.

Bibi hakunichapa. Alinishika kidole, akakisukuma kwenye udongo uliokuwa bado mbichi, mpaka upepo ukatupiga usoni. Upande wa pili tulikuta jicho la Bi Mwasiti, aliyekwishazunguka kichochoroni, linatusubiri, tukacheka wote watatu.

Miaka ikapita. Nikiwa chuoni, nilirudi likizo mwezi wa Mei kumsaidia Bibi kukandika. Bi Mwasiti tulikuwa tumeshamzika tangu masika. Nilipofika kwenye tundu nilipaka kulizunguka, kama kawaida. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma yangu.

"Hilo nalo ziba, mjukuu wangu."

Nikaziba. Nitasema kweli, nilifurahi, nikidhani hatimaye bibi yangu atalala kwa joto. Kipupwe kile nyumba haikuwa na upenyo hata wa sindano, na Bibi alilalamika baridi mpaka Agosti. Mimi, msomi mzima, nilimwongezea blanketi la tatu. Leo ningelitoboa lile tundu kwa kidole changu, nikapita kichochoroni alfajiri, nikamwita.