Wimbo Niliofungia kwa Sanduku

Kuna siku moja haitoki kwa kichwa yangu, Nekesa, na leo umenifanya niikumbuke kwa hasira. Kaa chini. Hiyo simu weka kando.

Nilikuwa msichana wa kwaya hapa mtaani Tuwan, na mimi ndiye nilipewa daftari ya nyimbo nishike. Kulikuwa na wimbo mmoja wa kutoa watu machozi. Aliutunga Kukhu Robai, mwalimu wetu, nyanya wa Lugulu ambaye akikuangalia tu unanyoosha mgongo. Siku hiyo kwaya ya Bungoma wakatuma msichana aje auandike, wauimbe kwa mazishi. Nikamfungia mlango. "Anayetaka wimbo wetu ahamie kwaya yetu!"

Kukhu akanijia, mikono bado ina unga.

"Wewe, nani alikupa wimbo?"

"Si ni wetu, Kukhu? Wakiuimba wao, nani atakuja kutusikiliza sisi?"

"Mimi nilikupa daftari. Wimbo nilimpa Mungu. Ama siku hizi Mungu ni wewe?"

Watu wakacheka. Badala ya kutubu, nikafungia daftari kwa sanduku, nikamdanganya ati imepotea. Macho yake yalikuwa yameisha, hangeweza kuandika tena. Polepole tukaacha kuuimba.

Sasa wewe! Kampuni iliyotengeneza mashine ya kibanda chako cha gemu imesema gemu zake zitachezwa pia kwa kale kamashine ka mkononi ka washindani wao. Simiyu, mtoto wa dada yangu kule Bungoma, ako nako. Akaandika kwa grupu ya familia akifurahi, "Niaje cuzo, sasa hata mimi nitacheza gemu zenu!" Ukamjibu, "Nunua mashine, mdandiaji wewe," ukamtoa kwa grupu. Simiyu! Yule alibeba TV yako mgongoni kwa mvua mpaka hapo kibandani!

Unaniambia, "Mathe, wametuuza. Watu wakicheza nyumbani, nani atakuja kwangu?" Hiyo naisikia, mwanangu. Hiyo kazi yako naiombea kila asubuhi. Pengine wengine wataacha kuja, siwezi kukudanganya. Lakini wengi wanakuja kupigiana kelele, na wewe kuwachekelea wakifungwa. Hiyo hakuna kampuni inaweza kutia kwa kamashine. Mimi ni mtu wa ngumbaru, kusoma nilijifunza nikiwa mtu mzima, mambo ya kampuni sijui, lakini aliyetengeneza gemu si aliitengeneza ichezwe? Wewe mwenye mashine umeshika daftari tu, bana. Kama mimi.

Kukhu alipokufa, miaka mingi baadaye, nikafungua sanduku. Mchwa walikuwa wamemaliza daftari. Tukamzika Lugulu, kwaya zote mbili. Tukaimba ubeti wa kwanza. Wa pili tukanyamaza, tunaangaliana mbele ya jeneza. Yule msichana wa Bungoma alinitazama tu. Angeuandika siku ile, wangeuimba wao. Mpaka leo hakuna mtu anaujua wote. Niliuua mimi.

Kwa hivyo nisikize. Kitu kizuri kikiwa kwako, wacha kifike hata kwa yule mnashindana naye. Mshinde kwa kazi, usimshinde kwa kufunga mlango. Na usifukuze damu yako kwa ajili ya kampuni ambayo hata jina lako haijui. Mrudishe Simiyu kwa grupu sasa hivi, nikiona. Mwambie Jumamosi aje na kamashine kake, mcheze hapo kibandani.

Mungu abariki huo mlango wako, usikose mtu wa kuingia. Na miaka yako ikishakuwa mingi, siku ile ya mwisho, uimbiwe mpaka ubeti wa mwisho.