Ng'ombe Aliyenunua Hisa

Mimi si mtu mpole, na sitajisingizia upole hapa. Nafundisha somo la biashara katika shule ya sekondari Kitengela, na kwa miaka mingi niliamini kwamba asiyejua hisa ni nini hastahili kufungua mdomo mbele yangu. Mama mkwe wangu hajui kusoma.

Nilitoka Magharibi mwa Kenya nikaolewa na Mmaasai wa upande wa Isinya. Siku nilipoingia bomani kwao, mama yake alinipa ng'ombe jike mchanga, mwekundu, mwenye baka jeupe shingoni. Kwao, mkishapeana ng'ombe hamwitani majina tena, mnaitana Pakiteng'. Yeye Pakiteng', mimi Pakiteng'. Ng'ombe alibaki zizini kwake, maana mimi nimepanga ghorofa ya tatu, akazaa huko. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyompenda aliyenipa. Mtu wa kuja hapewi jina kama hilo bure.

Basi habari zikaenea kwamba huenda serikali ikaipasua ile kampuni kubwa ya simu: simu zibaki kivyake, na biashara ya kutuma pesa isimame kivyake. Nilikuwa na hisa chache, nikafurahi kama aliyealikwa harusini. Niliwachorea wanafunzi ubaoni: upande wa pesa una thamani iliyofichika tumboni mwa ule mwingine, ukitolewa, mwenye hisa moja atakuwa na mbili, na hizo mbili zitaishinda ile moja. Nilisema kana kwamba wenye kampuni wameninong'oneza.

Jumapili moja nilienda Isinya na akina mama watatu wa kanisa letu, tumwombee mama mkwe mguu uliokuwa ukimsumbua. Maombi yaliisha haraka, nikaanza hisa. Nikawahimiza wanunue kabla ya mgawanyo. Mama mkwe, akimimina chai, akauliza:

"Pakiteng', hiyo kampuni wakishagawa, maji itaenda kwa nani?"

Wageni wakacheka. Nikamwambia taratibu, kama naongea na mtoto, kwamba kampuni ya simu haina maji.

"Kila kitu iko na maji yake," akasema. "Sisi tulikuwa na ranchi moja, watu wote. Wakatuambia tukigawa, kila mtu atakuwa tajiri. Mmoja akapata bwawa, mwingine mawe, sisi tukapata nyasi. Karatasi ya shamba tulipata wote. Halafu mwenye bwawa akaweka fensi. Sasa hiyo ya kutuma pesa, si watu wanatuma kwa sababu wako na simu? Ikitoka, itakunywa wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali zuri namna hiyo. Kukosa jibu mbele ya wanawake walioniona mwenye akili kulinichoma. Nikafanya wanachofanya walimu wabaya, nikamgeukia muulizaji.

"Mama," nikasema, si Pakiteng', "kilichowamaliza si kugawa. Bwana yako aliuza shamba kipande kipande akakunywa. Usiisingizie kampuni ya watu ulevi wa nyumba yako."

Kaburi la marehemu mumewe lilikuwa nyuma tu ya nyumba. Na ilikuwa kweli, Isinya nzima inajua. Vipande hivyo sasa vina nyumba za mawe na mageti meusi. Ndiyo maana nilisema, kwa sababu uongo usingemuuma. Mama mkwe akamaliza kumimina, vikombe vyote, hata changu, kisha akatoka nje.

Nilirudi Kitengela nikijiambia kwamba ukweli hauombewi msamaha. Nakiri kwamba njiani nilijisikia vizuri.

Wiki iliyofuata pesa ziliingia kwa simu yangu, nyingi, kutoka kwake. Nikampigia.

"Ile ng'ombe yako nimeuza," akasema. "Na ndama zake. Nunua hizo hisa."

"Pakiteng', mimi sikukuambia uuze..."

"Nunua, mwalimu. Wewe uko na akili. Mimi niko na mlevi tu."

Akakata simu. Ningeweza kumrudishia pesa, lakini ng'ombe alikuwa ameshafika buchani, pengine nilimla mwenyewe bila kujua. Nikanunua hisa.

Mpaka leo kampuni haijapasuliwa. Leo wanasema itagawanywa, kesho wanasema hapana, na bei inapanda na kushuka na maneno yao. Wanafunzi wakiniuliza kama mgawanyo ungemfaidi mwenye hisa, nawaambia sijui, na kwamba waulize kwanza maji yataenda kwa nani. Hawaelewi, nami siwaelezi.

Nimemwomba msamaha mara mbili, mara ya pili kwa magoti. Mara zote alikubali, kwa adabu. Krismasi iliyopita tulienda bomani sote. Watoto wetu waliinamisha vichwa kwa salamu ya kwao, akawagusa mmoja mmoja, akamsalimia mwanawe, kisha akaninyooshea mkono kama anavyomnyooshea daktari wa mifugo.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Chai iko kwa thamosi. Jiwekee."