Gunia Lisilojaa

Elius Mgaya alipoifuta gemu yake alikuwa na miaka ishirini na sita, na mimi nilikuwa na arobaini na minne. Nataja umri kwa sababu ndiyo hesabu niliyokuwa nikiipiga mara kwa mara mwaka ule. Yeye anazaliwa, mimi niko kidato cha sita na watu wanasema nitafika mbali. Nimefika Njombe mjini. Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari yenye kompyuta kumi na nne, tisa kati ya hizo zinawaka.

Elius alikuwa mwanafunzi wangu. Alikaa upande wa dirisha, akiwa amevaa koti la mama yake miezi yote ya baridi, ambayo kwa Njombe ni karibu mwaka mzima. Hakuwa mwanafunzi bora. Nasema hivyo bila chuki, matokeo ninayo. Kila aliponiletea kazi yake niliitazama nikamwambia, "Bado." Nilikuwa nawaambia wote hivyo. Ni neno zuri kwa mwalimu. Halimkatishi mtu tamaa kabisa, na halimwachii raha.

Alipomaliza shule alipata kazi Makambako, kwenye duka la kutoa fotokopi karibu na stendi. Makambako ni mji wa watu wanaokwenda mahali pengine, na mtu anayekwenda mahali pengine lazima atoe kopi ya kitu. Elius alitoa kopi za vyeti, akapiga picha za pasipoti, akatengeneza printa. Kila mwisho wa mwezi alikwenda Mdandu kwa mama yake, ambaye ni mjane na analima viazi. Huko ndiko alikoikuta lumbesa.

Kwa msomaji asiyekula viazi vya kwetu: lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likajazwa tena. Juu ya mdomo hupangwa viazi vingine, na kipande cha gunia hushonwa kwa kamba kuvizunguka, mpaka mzigo unaonekana kama mtu aliyevaa kofia kubwa kuliko kichwa. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Imepigwa marufuku mara nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kuifuatilia historia ya nchi kwa marufuku hizo.

Mwaka juzi printa ya dukani iliharibika, na tajiri wake Elius akawa anasubiri kipuri kutoka Mbeya. Kipuri kilichukua siku tisa. Katika siku hizo tisa Elius alitengeneza gemu ya simu aliyoiita Lumbesa. Kuna gunia, na kuna kidole chako. Ukigusa, kiazi kinaanguka juu ya gunia. Kila unapodhani limejaa, sauti ya mwanamume, iliyochoka, inasema, "Bado." Unaongeza. Hatimaye kiazi kimoja kinateleza, lundo lote linamwagika, na unaanza upya. Hakuna kushinda. Aliitengeneza kama malalamiko.

Ile sauti ni yangu. Alikuja Njombe kunisalimia, akanisogezea simu mdomoni nikiwa nasahihisha madaftari, akaniomba niseme neno lile kama nilivyokuwa nikimwambia darasani. Nilidhani anajaribu maikrofoni. Nililisema mara moja, bila kuinua kichwa. Ndio mchango wangu wote katika historia ya teknolojia: silabi mbili.

Miezi mitatu baadaye watu milioni arobaini walikuwa wanajaza gunia la Elius. Walijaza Brazili, walijaza Korea, walijaza katika nchi ambazo kiazi huuzwa kimoja kimoja, kimeoshwa, kimefungwa plastiki. Mhadhiri mmoja wa ng'ambo aliandika kurasa kumi kueleza kwamba gemu ile inahusu tamaa ya binadamu wa leo. Nilizisoma zote kumi. Ziliandikwa vizuri, na hilo lilizidi kuniumiza.

Hapa yanipasa niseme kwamba mimi pia nina gemu. Inaitwa Walinzi wa Kipengere, kwa jina la milima ya kwetu. Niliijenga kwa miaka minne, ina hatua kumi na mbili, na ndani yake mna historia, aina za udongo, na maswali mia mbili na kumi na manne. Wameipakua watu arobaini na mmoja. Tisa kati yao ni shemeji zangu.

Nilijitahidi kumfurahia Elius. Siku za mwanzo niliweza mpaka saa nne asubuhi. Mkuu wa shule alimwalika kwenye mahafali na akanipa mimi kazi ya kumkaribisha jukwaani. Nilifanya hivyo kwa maneno ambayo baadaye mwalimu wa Kiswahili aliniambia yalikuwa sahihi kisarufi. Mbaya zaidi ilikuwa nyumbani. Asubuhi moja nilikuwa sebuleni nakunywa chai, nikajisikia nikiongea chumbani na mke wangu. "Bado," nikamwambia Janeth kutoka kwenye simu yake, na Janeth akacheka, kicheko ambacho mimi wa sebuleni sijakipata tangu tuhamie nyumba ile. Nilimwambia ile sauti ni yangu. Akasema ndiyo, inafanana kidogo.

Kwa hiyo nilichokitaka nakijua na sina haja ya kukipamba. Nilitaka watu wajue. Nilitaka pale chini ya jina la Elius, hata kwa maandishi madogo, liwepo langu.

Mwezi wa tano Elius akanipigia.

"Mwalimu, naifuta. Jumapili, tukitoka kanisani."

Nikamuuliza anafuta nini.

"Lumbesa. Njoo Jumamosi Mdandu, tunavuna, utaona mwenyewe. Kama baada ya hapo utaitaka, nakupa yote. Jina lako ndilo litakaa."

Sikuwahi kumwambia kwamba naitaka. Inaonekana haikuwa lazima aambiwe.

Jumamosi nilivaa shati nililolivaa siku ya mahafali, nikapanda gari. Njiani niliamua rangi mpya ya gunia. Niliamua pia mahali pa kuweka maswali kuhusu aina za udongo.

Mama Elius alinipokea shambani akiwa ameinama, mikono imejaa udongo mwekundu, kwa hiyo alinipa kiwiko. "Kamwene, Mwalimu," akanisalimu kwa Kibena, nami nikamjibu, akanionyesha ndoo nikalie. Viazi vilikuwa vimelala katika marundo mawili: rundo kubwa la kuuza, na dogo pembeni, limefunikwa majani, la mbegu. Lori lilikuwa barabarani. Mwenye lori alikuwa dalali wa Makambako aitwaye Ronald, mwenye koti la ngozi na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kubeba gunia.

Vijana wake wakaanza kujaza. Nilidhani naijua lumbesa, lakini hii ilikuwa mpya. Mshonaji alichagua viazi virefu, akavisimamisha kuzunguka mdomo wa gunia kama meno, kisha akamimina vingine katikati. Ukuta ule wa meno ulishika. Gunia lililokuwa likimeza debe saba likameza la nane, na bado kofia haikushonwa.

Nilimwangalia Elius. Alikuwa amesimama na jembe. Baadaye alinieleza: binti mmoja wa nchi ya mbali, mchezaji hodari wa Lumbesa, ndiye aliyegundua kwamba viazi virefu vikisimamishwa ukingoni lundo halimwagiki. Video yake iliangaliwa dunia nzima. Iliangaliwa pia Makambako, na madalali.

Mama Elius akamwambia Ronald kwamba gunia limejaa. Ronald akainamisha kichwa upande, akalitazama, akasema, "Bado."

Alilisema kwa sauti yangu. Alilivuta mwishoni kama ninavyolivuta, na uchovu wangu wa Ijumaa mchana ndani yake. Vijana wakacheka. Mama Elius naye akacheka, kwa sababu mtu aliyekuja na lori ukimnunia anakwenda kwa jirani. Akaongeza viazi. Nami, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa fahari. Nilikaa vizuri juu ya ndoo.

"Bado," Ronald akasema tena.

Rundo kubwa lilikuwa limeisha na gunia la mwisho halijapata kofia. Mama Elius alikwenda pembeni, akaondoa majani, akaanza kuchota vya mbegu.

"Haya mambo ya meno mmeyatoa wapi, mwanangu?" akamuuliza Ronald, akimimina.

"Kwenye gemu ya Elius, mama. Siku hizi dunia nzima inajaza hivi. Usituangushe wewe mwenye mtoto."

Akamimina debe la pili la mbegu. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ni mimi niliyesoma. "Mwalimu, na huyo baba anayesema bado kwenye simu, ni nani? Maana ana roho ngumu, jamani. Haridhiki yule."

Mwaka mzima nilikuwa nimelisubiri swali lile. Nilikuwa na jibu lake, nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, lenye unyenyekevu ndani yake.

"Simfahamu, mama," nikasema.

Elius alinitazama mara moja, kisha akaendelea kulima mahali palipokwisha kulimwa.

Jumapili tulitoka kanisani, tukakaa kwenye benchi nje ya nyumba ya mama yake, laptopu iko magotini mwa Elius. Akaniuliza kama naitaka. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria Mama Elius na mbegu zake. Nilimfikiria, kwa muda. Lakini zaidi nilifikiria jina langu likikaa kando ya sauti ile, na mtu yeyote wa Mdandu akijua wapi pa kuja kumsalimia yule mwenye roho ngumu. Nikamwambia aifute.

"Bonyeza wewe," akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Wengine wote niliowaambia waliniomba nisifanye, Mwalimu. Mmoja alilia. Nikasema wewe mkono hautatetemeka."

Kompyuta iliuliza kama nina uhakika. Nilijibu ndiyo kwa kasi ambayo sijivunii.

Nilidhani sasa atasahaulika na tutakuwa sawa. Wiki iliyofuata alikuwa maarufu kuliko kabla. Watu waliandika kutoka kila bara kumuuliza kwa nini, wengine wakamtukana, wengine wakasema ndiye mtu huru wa mwisho duniani, na mwandishi wa habari mmoja alikuja mpaka shuleni kwetu kuniomba nimwelekeze njia ya Mdandu. Hata kuondoka amenizidi. Mimi nina watu arobaini na mmoja na siwezi kumwacha hata mmoja.

Ronald hakufuta chochote. Meno yapo, debe la nane lipo. Elius alirudi shambani kabisa, akanunua mizani, na sasa mama yake huuza kwa kilo kwa anayekubali. Wanaokubali ni wachache. Malori mengi hupunguza mwendo, huiona mizani, huongeza mwendo.

Mwezi wa saba alinipigia tena. Alisema mvua ya baridi imemfungia ndani, kwa hiyo amekuwa akicheza Walinzi wa Kipengere. Nikasimama.

"Hatua ya tatu, Mwalimu. Nimejibu maswali yote, lakini lango la boma halifunguki."

Nilikwenda kuangalia. Ni kweli. Halijawahi kufunguka tangu siku niliyoitoa. Kwa muda wote huo hakuna mtu aliyewahi kufika hapo ili aniambie, hata shemeji.

Alisema ni jambo dogo, la dakika kumi, nimtumie faili atalinyoosha. Nilimshukuru, nikamwambia nitalifungua mwenyewe. Kila Jumamosi hunitumia ujumbe: Mwalimu, vipi lango? Namjibu kwa neno moja, na najua analisoma kwa sauti gani.